Mke wa Jina la Vita

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliolewa Nachingwea na mpigania uhuru wa Msumbiji. Enzi hizo chama chao kilikuwa na kambi hapa. Vijana walivuka Ruvuma kuja kujifunza kupigana na Mreno, na kila mmoja alipewa jina la vita, la nyumbani akaliacha ng'ambo. Hata ndoa ilifungwa kwa jina hilo la vita. Hakuna aliyeuliza la pili, kwetu mgeni hapekuliwi.

Mume akarudi vitani. Chama kikashinda, kikapata nchi, kambi ikafungwa, malori yakaondoka watu wakiimba. Habari za mume hazikuja. Kila alipouliza, aliulizwa yeye: jina lake la nyumbani ni nani? Hajui.

Basi akakaa kijijini kwetu Nkowe na mikorosho yake, si mke si mjane. Posa zilikuja. Masheikh walikuwa tayari kuivunja ndoa. "Mimi mke wa mtu," akawajibu, akafunga mlango. Mimi nilikuwa nawaka! Kila redio ilipotaja sikukuu ya uhuru wao nilisema, "Asante ya punda mateke. Wamekula muhogo wetu, wameshindwa hata kuaga." Ananikata jicho. "Koma! Walikuwa watoto wa watu, na wengine walikufa."

Mwaka huu ujumbe wa chama ukaja kuitazama kambi ya zamani. Tukapanda bodaboda, yeye na yake, mimi na yangu, vumbi mpaka kwenye kope. Alivaa kanga mpya. Nilikasirika kuiona, Mungu anisamehe.

Hotuba zilipokwisha, akamfuata mzee mmoja wa ujumbe, mwenye mkongojo, akamtajia jina la vita la mumewe. Mzee akauegemea mkongojo wake. Kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili cha kambini, "Mama, huyo nilimzika mimi na wenzangu. Safari ile ile aliyotoka hapa. Risasi ilimkuta hata mto hatujauacha mbali." Akamtajia na jina la nyumbani. Mama mkubwa akalirudia polepole, kama mtu anayeonja mboga.

Tuliporudi Nkowe nikamwita sheikh. Akampa pole, akamwambia, "Mama, eda huhesabiwa toka siku ya kifo. Yako iliisha zamani. Huwajibiki tena." Nikashusha pumzi, nikadhani amefunguliwa.

Mama mkubwa akapiga ukelele. Sijawahi kumsikia akilia vile. "Iliisha zamani? Ina maana nilikuwa mjane ningali msichana, na sikuambiwa?"

Asubuhi alivaa nguo nyeupe, akaingia ndani kukaa eda. Wanawake wakaja na uji na kilio. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Jioni sheikh naye akaja kumjulia hali, akasalimia akiwa nje ya mlango, amegeuzia uso barabarani, kama inavyompasa mwanamume kwa mwanamke aliyefiwa jana.