Bomba la Kung'aa

Juzi, kwa fundi wa mabati katika soko la Gikomba, mama mmoja alikuwa akichagua bomba la kutolea moshi wa jiko lake la kuni. Fundi akamsukumia la mabati, linang'aa kama kioo.

"Chukua hii, mathe. Hiyo nyeusi ya chuma haipendezi."

Mama akaligonga kwa kidole. "Sawa. Iweke kwanza juu ya hayo makaa yako, ishike moto."

Papo hapo fundi akanyoosha mkono, akasogeza kikombe chake cha chai mbali na makaa.

"Kumbe unajua hiyo zinki inayoing'arisha ikipata moto inatoa moshi wa sumu! Nipe ile nyeusi."

Akaondoka nalo begani, kifua mbele, nasi wateja tukimpigia makofi. Tangu siku hiyo sisikilizi maneno ya muuzaji. Naangalia anakoweka chai yake.