Mizizi Niliyoipima Mwenyewe

Kazi yangu ni kuua viumbe vidogo kwa kibali. Maabara yetu huko mjini huletewa dawa za asili za Kichina, mizizi na magome ya kila namna. Tunazichemsha, tunazichuja, kisha maji yake tunayatia kwenye vichupa vyenye watoto wa uduvi, wadogo kuliko punje ya ulezi. Kesho yake tunahesabu waliokufa. Wakifa wengi, dawa ina sumu.

Mama yangu anaishi Magamba, juu ya Lushoto, na magoti humsumbua kila ukungu ukishuka. Alinunua sokoni pakiti ya mizizi myeusi ya Kichina, akanitumia nusu yake kwa basi.

"Wewe ndiye unayejua sumu," aliniambia kwenye simu. "Usiposema ninywe, sinywi."

Nikaichemsha kwa muda wa saa mbili kamili, kama utaratibu wetu unavyotaka, na asubuhi uduvi wote walikuwa wakiogelea. Nikampigia.

"Shikamoo mama. Ni salama, kunywa tu."

Siku ile nilijiona mtu mkubwa. Habari ya saa mbili sikumwambia, na nilijua fika kwamba kwetu hakuna anayechemsha dawa kwa muda huo. Kuni ni za kuhangaikia. Dawa hutiwa kwenye chupa ya chai, ikamiminiwa maji ya moto, kifuniko kikakazwa, basi. Nimekuzwa kwa dawa za namna hiyo. Lakini kule maabara nilikuwa mtaalamu, sikuwa mtoto wa mtu.

Kikombe cha kwanza mama alikiahirisha mpaka nije likizo, tukae wote. Alikunywa mchana, mimi nikiwa nje namenya viazi. Nilipoingia alikuwa ameshika mdomo, anasema umekufa ganzi. Akatapika. Moyo wake ukaanza kwenda mbio, ukasita, ukaenda tena. Nilifungua chupa ya chai nikaona mizizi imekaa chini, bado migumu. Ipo mizizi ambayo sumu yake hupungua kwa kuchemshwa sana tu, na hilo nimesoma darasani.

Tulipomfikisha hospitali, daktari nilimwambia kweli, mlangoni, kwa sauti ya chini. Akayaandika kwenye faili. Mama alilazwa siku tatu. Alipopata nguvu akaniuliza, "Ni nini kilichotaka kuniua, mwanangu? Maana mizizi uliipima."

Aliuliza kwa imani kabisa, na imani ile ikanishinda. Wiki hiyo alikuwa akinywa pia majani ya jirani yetu, bibi aliyetutibu matumbo sisi sote utotoni. Nikasema, "Labda ni yale majani ya bibi."

Labda! Nilijichukia kabla sijamaliza kulitamka, na bado sikulirudisha.

Mama si mtu wa kunong'ona. Jumapili, baada ya ibada, aliyasema nje ya kanisa kwa Kishambaa, kila mtu akasikia. Tangu hapo watu wakaacha kwenda kwa bibi. Nilikuwa nimesimama pale pale, natazama viatu vyangu.

Siku moja kabla sijaondoka, bibi alikuja kwetu. Nilidhani amekuja kugomba, na moyoni nilitaka agombe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Alikaa barazani kando ya mama, akatoa mfuko wa majani makavu, umefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba.

"Haya nimewapa watu tangu mama yako hajaolewa," alisema. "Siku hizi macho yangu si mazuri, huenda nilichuma siyo. Kayapime uniambie nilipokosea, nisije nikaua mtu."

Mama alikuwa anasikiliza. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo, nzima, wote wawili wakinitazama.

Nikaupokea mfuko kwa mikono miwili. "Nitakupigia simu, bibi," nikasema.