Wale Waliosukuma Gari la Baba

Gari la baba ni la Kiingereza, dogo, rangi ya maziwa, na umri wake unaukaribia wangu. Mimi nafundisha umeme katika chuo cha ufundi, na kwa muda mrefu niliona haya kwamba gari la kwetu Jang'ombe haliwaki mpaka lisukumwe. Kila Jumapili asubuhi baba alipiga stata mara tatu. Likakoroma, likanyamaza. Hapo wazee wanne wanaokunywa kahawa kwenye baraza ya jirani waliinuka, wakakunja kanzu zao, wakalisukuma mpaka kona. Likiwaka, baba akaenda zake Paje kumtazama shangazi yangu, dada yake mkubwa, ambaye siku hizi hainuki kitandani.

Kusukuma kwenyewe hakukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni njia. Kati ya mjini na Paje kuna msitu wa Jozani, na Jumapili moja ya masika gari lilimzimikia humo. Alikaa zaidi ya saa mbili mvua inanyesha, mtu wa miaka sabini na minane, mwenye kisukari. Watalii waliokuja kutazama kima punju wakampiga picha yeye. Mwishowe watu wa lori la mwani waliteremka wakamsukuma. Nilipopata habari nililia kwa hasira, kisha nikamgombeza kwa simu, jambo ambalo mtoto hatakiwi kumfanyia babake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, mama," akasema. "Nshasikia."

Jumamosi iliyofuata nilitoka kwangu Mji Mkongwe na sanduku langu la vifaa. Kasoro niliijua kabla sijafungua boneti. Koili, ndiyo inayozipa plagi cheche, ilikuwa ikipata umeme kwa waya mwembamba wa tangu gari lilipotoka kiwandani, ulioingia ndani mpaka kwenye ufunguo, ukazunguka, ukarudi mbele, na njiani umeungwa kwa utepe mahali patatu. Stata ikizunguka inakula umeme mwingi, na koili inabakiwa na makombo. Ukilisukuma, stata haili kitu, koili inashiba, gari linawaka. Siri yote ni hiyo. Miaka yote ile watu walilaumu betri.

Vifaa nilinunua Darajani, kwa mzee wa Kihindi ambaye ukoo wao umeuza vipuri tangu enzi za babu yake. Nilipomtajia gari akalijua papo hapo.

"Ukilitengeneza, bibie, wale wazee watafanya nini?"

Nikacheka, nikadhani ni mzaha wa dukani.

Nilivuta waya mnene kutoka kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye koili, nikautia fyuzi, na katikati nikafunga rilei, ili ufunguo utoe amri tu na mzigo ubebwe na waya huo mnene. Platini zilizolika, zile zinazokata na kuunga umeme wa koili, nikazitoa, nikaweka kidude cha elektroniki kisichohitaji kusuguliwa wala kurekebishwa. Kufikia alasiri nilimwita baba aje ajaribu. Alizungusha ufunguo nusu tu, gari likawaka.

"Mashaallah," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mkutano umeahirishwa.

Niliudhika, sitaficha. Nimekunja mgongo siku nzima, nimeungua vidole, na shukrani yenyewe ndiyo hiyo.

Wiki mbili zilipita kimya. Jumapili ya tatu akanipigia simu kutoka Paje, amechangamka.

"Gari limekataa tena, lakini usijali. Wamenisukuma, nshafika."

Damu ilinipanda. Kazi yangu mimi, ikatae? Jumamosi nilikwenda Jang'ombe wakati yeye yuko msikitini, nikafungua boneti. Ule waya mnene ulikuwa umechomolewa kwenye koili na kulazwa pembeni, ncha yake imefungwa vizuri kwa leso, isije ikagusa chuma. Leso niliijua. Ndiyo anayofutia miwani.

Nikakaa kizingitini na bisibisi mkononi. Kumbe anauchomoa Jumamosi, na asubuhi akishapiga stata anafungua boneti, anajifanya anatazama, anaurudisha kwa vidole bila hata kukaza, ndipo wanamsukuma. Siku waya huo ukichomoka Jozani, tumerudi kule kule kwenye mvua. Hilo lilinitisha. Lakini jengine lilinichoma zaidi.

Tangu mama afariki, nikimpigia baba simu ananipa maneno matatu: mzima, alhamdulillahi, nisalimie watoto. Nikawa nasema ndivyo alivyo. Jumamosi ile kwenye kizingiti nikakumbuka yaliyokuwa yakifanyika pale barazani nami nikiyaona bila kuyatazama. Huyu anauliza hali ya shangazi. Yule anapitisha mkate wa boflo dirishani, mpelekee mgonjwa. Mwengine anamwambia, ukirudi upite utueleze gari limekwendaje. Na jioni baba anapita kweli, anaeleza, wanamcheka, wanamjazia kikombe. Bila kusukumwa alikuwa anapunga mkono tu na kupita. Mtu wa umri wake hawezi kwenda barazani akasema ana upweke. Gari lilikuwa likimsemea. Niliona haya siku ile kuliko haya zote nilizowahi kuona kwa ajili ya gari hilo.

Nikaurudisha waya, nikaukaza kwa spana. Kisha nikatoa swichi ndogo sandukuni, nikaifunga chini ya dashibodi, kwenye ule waya unaoiamrisha rilei. Baba aliporudi nikamwita.

"Baba, nimekutilia swichi ya wezi. Ukiizima, stata inazunguka lakini gari haliwaki. Ukiiwasha, hata likiwa linasukumwa, linawaka."

Akanitazama. "Wezi? Jang'ombe hii?"

"Wapo, baba."

"Saa ngapi huja?"

"Asubuhi. Jumapili hasa."

Akaipapasa ile swichi, akaibonyeza mara mbili.

"Lakini waya usiuguse tena," nikasema.

"Siugusi, mama."

Nililala pale. Asubuhi alipiga stata mara tatu, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Limekataa!" akaita, na uso wake ulikuwa wa mtu wa sikukuu.

Wazee wakaweka vikombe chini. Nami nikashika nyuma, kando ya yule mkubwa wao, fundi seremala wa zamani. Alikuwa anasukuma kwa mkono mmoja, wa pili umeshika boflo la shangazi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akasogeza kichwa karibu, akapunguza sauti. "Gari hili ni zima. Sote twajua."

Nikamgeukia.

"Jumapili ile ya kwanza alipoondoka peke yake," akasema, "tulikaa pale kahawa ikapoa, hakuna aliyekuwa na la kusema. Basi sukuma, mama. Asije akageuka akatukuta tumesimama."

Nikasukuma.