Chupa ya Mama Niliyozika Vulamba

Muganga alikata kipande kidogo cha nyama mu uvimbe wa titi ya mama, akakitia mu chupa ya dawa, akanituma nikipeleke labo ya Beni wakipime. Mimi mujinga nikaona haya: nyama ya mama yangu isafiri ku pikipiki sawa nyama ya mbuzi? Kwetu nyama ya mutu inazikwa. Nikaizika nyuma ya nyumba yetu, hapa Vulamba, nikaisomea Baba Yetu, nikajiona mutoto mwema.

Leo, kisha mwezi, muganga akaniuliza mbele ya mama: «Lakini majibu ya labo iko wapi? Kansere inaweza kuanzia mu mirija ya maziwa ao mu tezi zinazotengeneza maziwa, na kila moja iko na dawa yake. Kile kipande ndicho kingetuambia. Sasa uvimbe umefika kwapani.»

Nikaungama yote, kichwa chini.

Mama akanigeukia polepole: «Kumbe ulishaanza kunizika, mutoto wangu?»