Waya Chini ya Magunia ya Mpunga

Nilipogusa ubao wa dari juu ya kitanda cha mwanangu nikarudisha mkono kama nimeshika kikaango, uvumilivu wangu uliisha hapohapo. Nikazima swichi kubwa, nikambeba mtoto mgongoni, nikampigia simu fundi aliyefunga umeme nyumba hii niliyopanga Garsen. Safari hii sikusema tafadhali.

Alifika na pikipiki, jasho linamtiririka.

"Dada, hili ni joto la Garsen tu. Hata kuku wangu wanahema."

"Kuku wako hawalali chini ya waya."

Akawasha tena, friza yangu ya barafu na pasi zikala umeme pamoja. Akanipeleka nje, waya unapopita ukutani kwenye upepo. "Shika. Baridi, si baridi?"

Kweli, baridi.

"Sasa panda darini," nikamwambia.

Darini ndiko mwenye nyumba alikoweka magunia ya mpunga. Huku Garsen mto ukifura, chakula hupanda juu kabla ya watu. Mafuriko yaliyopita yalimlia mavuno yote, na tangu hapo haachi punje sakafuni. Simlaumu. Lakini magunia yalilalia bomba moja ambamo fundi alibana waya za vyumba vyote, na juu yake bati la saa saba mchana. Waya uleule: nje unapumua, darini umefunikwa blanketi. Fundi aliuchagulia unene kwa kule nje, pale unapoteseka hakupatazama. Na swichi ya kinga ilipoanza kujizima kila nikipiga pasi, hakuongeza unene wa waya, aliweka swichi kubwa zaidi, isiyojizima upesi. Akaziba mdomo wa kitu pekee kilichokuwa kinapiga kelele.

Fundi alizima, akapanda, akafungua bomba, akashuka. Plastiki ya waya ilikuwa imelainika, imemganda kidoleni.

"Mjomba alinifundisha waya huu unatosha soketi, basi. Hata kwangu nimefunga hivi."

"Kwako kuna watoto?"

"Wawili. Na magunia pia."

Hasira ikashuka kidogo. Haikuisha.

Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alikuwa amesimama mlangoni. "Mwanangu, nikishusha mpunga, na mto ukija?"

"Tutaujengea kichanja cha juu kule ghalani, mama. Mimi mwenyewe nitashika nyundo. Lakini hapa juu ya mtoto, hapana."

Kesho yake nikapanda gari hadi Hola, kwenye ofisi inayosimamia mafundi wa umeme. Karani akaniangalia usoni, akanisukumia karatasi. "Andika kwa heshima, mama." Nikaandika:

"Nalalamika kwamba soketi za nyumba ninayopanga zimefungwa kwa waya uliopimwa kwa sehemu yake ya baridi, ilhali darini umebanwa pamoja na nyingine, chini ya bati na magunia. Swichi ya kinga inaruhusu umeme mwingi kuliko waya unavyoweza kubeba hapo. Naomba uwekwe waya mnene unaofaa sehemu ile yenye joto kuliko zote, njia nzima, na swichi iendane nao. Hadi hapo umeme wangu utabaki umezimwa, barafu iyeyuke tu. Siombi fundi anyang'anywe kazi. Naomba afundishwe, kisha zikaguliwe nyumba zote alizofunga, mkianzia kwake, wanakolala watoto wake wawili."