Sauti ya Pili Katika Chumba cha Karaoke

Mwaka ule nilikatazwa kuimba. Kanisa letu la Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi, lina utaratibu wake: mwanakwaya akikamatwa na mambo ya dunia, anaondolewa mbele na kukalishwa benchi la nyuma, karibu na mlango, mpaka siku atakayosimama mbele ya watu na kutubu. Kwaya ikiimba, yeye hafungui kinywa. Kosa langu lilikuwa harusi ya jirani kule Kashojwa. Waliweka spika, kipaza sauti kikafika mkononi mwangu, nikaimba rumba ya mapenzi ambayo kila Mkongo aliyewahi kuwa na redio anaijua. Watu walicheza. Mke wa shemasi naye alicheza, ila kiuno chake hakikupata shahidi.

Mchungaji alikuja nyumbani kesho yake, mpole kama kawaida.

"Mama, ni kitu kidogo," alisema. "Unasimama mbele ya batu, unatubu, kisha unarudi mu kwaya."

"Nitubu nini, Pasta? Batu balifurahi."

"Ile nyimbo ilikuwa ya dunia."

"Na mimi niko mu dunia, Pasta."

Alicheka kidogo, akamaliza chai, akaondoka. Nilibaki na kiburi changu, na kiburi hakiimbiki.

Sikuwa nimejua kwamba koo linaweza kuwasha kama mguu wenye funza. Nilipalilia maharage nikauma meno. Nilifua nikajikuta nimesimama, nguo mkononi, povu linakauka. Ulikuwa msimu wa mazoezi ya wimbo wa mavuno, na jioni kwaya ilisikika mpaka uani kwangu. Nilikuwa nikiingia ndani na kugonganisha sufuria ili nisiwasikie. Nilitaka kurudi kuimba, na sikutaka kutubu. Hayo mawili yalinizungusha kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kila wiki nilikwenda Mbarara kununua sabuni na chumvi za kuuza kambini. Gari la kurudi halikuondoka mpaka lijae, kwa hiyo mchana nilizurura. Ndivyo nilivyoifikia ile baa kwenye mtaa wa starehe, nyuma ya barabara kuu. Mwenye baa alikuwa amekata ukumbi wake kwa mbao, akatengeneza vyumba vidogo vya karaoke, kila kimoja na mlango, kochi, televisheni na kipaza sauti. Usiku vilijaa wanafunzi na watu wa ofisi. Mchana vilikuwa tupu, au karibu tupu. Unalipia saa yako, unafunga mlango, unaimba, hakuna anayekuandika popote.

Mara ya kwanza nilishika kipaza sauti, na kabla sijafikiri nikasema, "Bwana asifiwe." Kutoka chumba cha pili sauti ya mwanaume ikajibu, "Amina." Sijui nani aliona haya zaidi, mimi au yeye.

Nyimbo za mashine hazikunituliza. Maneno yalipita kwenye kioo yakibadilika rangi, nami nikiyakimbiza kwa nyuma. Niliomba kuhamishwa chumba, nikasema kile kina joto. Niliomba tena, nikasema kochi linanuka bia, na yote yalinuka bia. Msichana wa baa, Mnyankore wa pale Mbarara mwenye subira, alinibebea soda yangu kutoka mlango mmoja hadi mwingine bila kununa.

Ndani ya chumba cha mwisho nilizima sauti ya mashine. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa, nikaimba wimbo wa mavuno. Niliimba kwa nguvu zangu zote. Na nikasikia kwamba haukuwa wimbo.

Mimi ni sauti ya pili. Tangu ng'ambo, kabla hatujavuka mpaka, nimekuwa sauti ya pili, ile inayopita chini ya wenzake na kuwabeba. Sauti ya kwanza ndiyo yenye wimbo wenyewe, na hiyo sikuwahi kujifunza. Nilijaribu kuishika. Kila mstari koo liliteleza likarudi kwenye njia yake. Mahali pa kungoja wenzangu wajibu, nilingoja. Friji ya koridoni ikanguruma.

Msichana akafungua mlango. "Nyabo, hiyo nyimbo yako iko nusu," alisema; nyabo kwao ni mama. "Ingine iko wapi?"

"Ingine iko Juru," nilimwambia, nikakaa kwenye kochi nikalia. Alinipa karatasi ya kufutia mezani, akakaa na mimi mpaka saa yangu ikaisha.

Jumapili ya mavuno nilikaa benchini kwangu, kati ya mlango na mama mmoja mwenye mtoto wa kikohozi. Kwaya ikasimama. Walipoanza, niligundua jambo ambalo sufuria zangu zilikuwa zimenificha: sauti ya pili ilikuwa nyembamba, wasichana wawili wakitafutana. Wimbo ulikuwa na shimo, na shimo lile nilijua upana wake.

Nikaimba. Nilikaa pale pale, macho sakafuni, kinywa kikifunguka kwa shida, nikapita chini yao na kuwabeba. Mama wa kikohozi akanitazama. Mchungaji kule mbele akainua kichwa.

Mwalimu wa kwaya huwa anawapa mgongo waumini, uso kwa waimbaji. Hakugeuka. Mkono wa kulia uliendelea kuwapigia wao mapigo. Ule wa kushoto aliuteremsha polepole, akaupeleka nyuma ya mgongo wake, kiganja wazi kuelekea mlangoni, akanipigia mimi mapigo mpaka ubeti wa mwisho.

Jumapili iliyofuata nilikaa tena benchi la nyuma, na mkono ule ukaja tena nyuma. Kutubu sijatubu mpaka leo.