Kanda ya Nekesa

Wenzangu, leo nimemjibu marehemu dukani mbele ya watu.

Mwanangu Wafula ametumwa na chuo kikuu anakofanya kazi anunue mashine ya kunasa masomo, picha na sauti. Pesa walizompa ni kidogo.
Akabeba kanda kuukuu ya chuoni tuijaribu mjini, kwenye mashine ya bei nafuu, nzito kama sanduku la safari.

Picha ikatingishika, ikatulia.
Alikuwa Nekesa, dadake. Yule binti yangu aliyekuwa mwalimu chuoni humo, tuliyemzika mwaka jana.
Amesimama na chaki, anauliza kama walio nyuma wanamsikia.

Mimi huyo, kwa sauti: "Tunakusikia, mwanangu!"

Muuzaji akacheka. "Mama, hiyo ni mashine tu!"
Halafu akaona Wafula analia, akaniomba radhi.

Mashine tumenunua. Lakini pesa ya kanda mpya haikubaki, kwa hivyo Jumatatu watanasa somo lingine juu ya kanda hiyo hiyo.

"Na Nekesa?" nikauliza.
"Atafutika, Mama."

Saa hii Wafula anapekua nyumba nzima hapa Muthangari akiitafuta hiyo kanda.
Nimeifunga kwenye leso, nimeikalia.
Jamani, mngekuwa nyinyi mngemrudishia?